Hilux iliyokuwa inachemka usiku tu: kisa cha taa za dashibodi na umeme wa gari ya zamani

Gari na kazi yake

Gari ni Toyota Hilux, ile bodi ya miaka ya 90, injini ya dizeli aina ya 3L, kebini moja na nyuma wazi. Namba na rangi naviacha, mwenye gari nitamwita Mzee na dereva wake nitamwita Dogo, inatosha. Inabeba dagaa na barafu kati ya mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) wa Igombe na Kirumba hapa Mwanza, mara moja moja inavuka kwenda upande wa Sengerema.

Kuna mambo mawili kuhusu hii kazi ambayo usipoyajua kisa chote hakitakuingia. La kwanza, dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi wanapandisha mitumbwi wanapumzika, kwahiyo gari nayo inapiga kazi mfululizo kipindi cha giza alafu kipindi cha mbalamwezi inalala uani siku kadhaa bila kuguswa. Na ikifanya kazi inafanya alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja, muda ambao bila mwanga kwenye dashibodi huoni spidi wala joto wala mafuta. La pili ni maji. Barafu inayeyuka, inachanganyika na maji ya samaki, inapita kwenye matundu ya bodi inadondokea nyaya zilizo chini kule nyuma. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari basi watu wa huku tunajifariji kwamba kutu ni shida ya watu wa Dar na Tanga, nenda kachungulie chini ya pikapu yoyote ya mwaloni uone.

Malalamiko

Mzee alikuja na mambo mawili. Taa za dashibodi zinapepesa, ukipita kwenye tuta zinazima, tuta lingine zinarudi. Na gari inachemka, ila usiku tu.

Hilo la pili ndo lilinifanya niache nilichokuwa nafanya nimsikilize. Mchana wa jua kali la Mwanza, mzigo umejaa, kilima, mshale wa joto umetulia katikati. Alfajiri, baridi ya ziwani, barabara tupu, mshale unapanda mpaka unakaribia nyekundu. Ameshabadilisha themostati, ameshaosha rejeta, Dogo anatembea na dumu la maji na kila akisimama kufungua anakuta maji yapo vilevile. Nikamuuliza Dogo mshale unaanza kupanda wakati gani hasa, akasema, "Nikiwasha taa kubwa tu fundi, haipiti dakika." Hiyo injini haichemki. Injini haijui kama taa zimewashwa.

Waliopita kabla

Ilibidi niwaulize taratibu, Mzee upande wake na Dogo upande wake, maana dereva mbele ya bosi hasemi yote. Picha ilitokea hivi.

Mwanzo ilikatika fyuzi, ile ambayo kwenye kifuniko imeandikwa TAIL. Dogo akaweka nyingine, ikakatika kwenye tuta. Akaweka, ikakatika. Siku moja alfajiri hana fyuzi na mzigo unangoja, akachuna waya, akasokota nyuzi za shaba akazichomeka pale. Ikashika, siku kadhaa, na harufu ya plastiki kwa mbali. Baadae fundi wa barabarani akatoa ile shaba akaweka fyuzi ya kijani, ya ampea 30, kwenye nafasi ya 15. Ikashika pia mpaka siku moja moshi ukatoka karibu na mguu wa dereva na kila kitu cha upande huo kikazima.

Ndo ikapelekwa kwa fundi mwingine na maelezo kwamba "taa za dashibodi zimekufa". Huyu akafungua dashibodi, akatoa geji zote, akabadilisha balbu, hazikuwaka, basi akakata waya wa kijani unaoleta umeme wa taa za dashibodi akauunga na waya wa taa ya ndani ambao una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Katikati akaweka kaswichi kadogo chini ya usukani. Balbu moja ilipungua, akaichomoa ya alama ya betri akaihamishia kwenye spidomita. Dashibodi ikawaka vizuri kabisa siku hiyo, Mzee akalipa, wakaondoka.

Mbalamwezi ikaja, gari ikalala, siku ya kuamka betri imekufa. Mzee akanunua mpya. Mbalamwezi iliyofuata imekufa tena.

Siku ya kwanza gereji

"Shikamoo Mzee. Taa za nyuma zinawaka?"

"Marahaba. Zinawaka, shida ni hizi za dashibodi tu."

Dogo akawa anaangalia chini. Nikawasha taa ndogo, tukazunguka nyuma wote watatu. Hamna kitu. Ya kulia giza, ya kushoto giza, ya pleti namba giza. Ukikanyaga breki zinawaka, kwahiyo mtu akiangalia haraka haraka anaridhika. Dogo ndo akasema kwamba alishakamatwa na trafiki barabara ya Airport kwa hilo hilo, akamaliza mwenyewe kimya kimya, na kuna lori lilimfungia breki mgongoni eneo hilo hilo.

Hapa nieleze kidogo. Kwenye Toyota nyingi za umri huu taa za dashibodi, taa ndogo za mbele, za nyuma na ya pleti namba zinakula kwenye fyuzi moja, hiyo TAIL. Ikikatika zote zinakufa pamoja. Dereva akiwa ndani hana namna ya kuona taa zake za nyuma, anachoona ni dashibodi tu, kwahiyo dashibodi ikizima ndo taarifa pekee anayopewa kwamba nyuma hayuko salama. Yule fundi alipoiwasha kwa njia ya pembeni aliifuta hiyo taarifa, shida ikabaki palepale.

Alafu hesabu ya betri. Balbu za dashibodi ni zile ndogo za T10, wati 3.4 kila moja, zipo nne, jumla wati 13.6, kwenye volti 12 ni kama ampea 1.1. Betri yake ni ya ampea-saa 70. Dogo akisahau kaswichi, na mchana hutajua kama kamewashwa maana ule mwanga hauonekani, betri mpya kabisa inaisha ndani ya siku mbili na nusu hivi. Na kwa sababu balbu ya alama ya betri ilihamishwa, hakuna aliyeweza kusema altaneta inachaji au haichaji. Nikapima injini ikiwa inaunguruma, volti 14.1, altaneta nzima.

Ethi kwanza

Nilianza na mshale wa joto na sio taa, japo Mzee alikuja kwa ajili ya taa. Sababu ni kwamba ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, ikiwa mbovu vipimo vingine vyote vinakudanganya, utabadilisha vitu vizima.

Kwanza nikapima joto lenyewe kwa kipimajoto cha kuelekeza pale kwenye nyumba ya themostati, mshale ukiwa umepanda: nyuzi 80 na kitu. Injini ya kawaida kabisa. Nikaweka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, kile kichwa chenyewe na sio kwenye waya, ncha nyingine kwenye chuma ambacho ethi ya dashibodi imefungwa. Injini inanguruma, taa zimezimwa, 0.1. Washa taa kubwa na feni ya ndani, 0.9. Hapo panatakiwa pasizidi 0.1, ikienda 0.2 unaanza kuulizia.

Maana yake ni hii: kihisi cha joto kinapata ethi kwenye injini, geji inapata ethi kwenye bodi. Taa kubwa zikiwaka umeme wake unarudi kwa betri kupitia bodi, njia ya kurudi ikiwa nyembamba umeme wa bodi unapanda juu ya ule wa injini kwa karibu volti nzima, geji inatafsiri hiyo tofauti kama joto. Geji ya mafuta nayo ilikuwa inasogea, Dogo hakuwahi kuitilia maanani. Geji mbili zisizohusiana zikisogea pamoja usiguse kihisi chochote, tafuta kitu wanachochangia.

Kilichokuwepo ni ule waya mdogo wa hasi ya betri unaofungwa kwenye fenda. Fenda ilishapigwa rangi zamani, bolti ikarudishwa juu ya rangi. Inashika kwa nyuzi za bolti tu, na zenyewe zimeshika kutu. Msasa mpaka chuma cheupe, ringi ya bolti yenye meno (washa), kaza, grisi juu. Ikashuka mpaka 0.06. Tukawasha taa kubwa, Dogo akaingiza kichwa dirishani akautazama mshale muda mrefu, haukusogea.

Kutafuta shoti

Ukijumlisha taa ndogo za mbele, nyuma, pleti namba na dashibodi hufiki wati 50, yaani ampea 4 hivi. Fyuzi ya 15 haiwezi kukatika kwa mzigo huo. Ni shoti, yaani waya wenye umeme unagusa chuma cha gari, na kwa sababu ilikuwa inakatika kwenye matuta ni waya unaogusa na kuachia.

Nilikata kabisa ule muungano wa kaswichi. Dogo akalalamika, "Sasa alfajiri nitaonaje?" Nikamwambia mbalamwezi hii hauendi popote.

Kwenye nafasi ya fyuzi nikaweka balbu ya wati 21 badala ya fyuzi, moja inagusa huku moja kule. Umeme ukipita mwingi balbu inawaka kali, inabeba hasira yote bila kuchoma waya. Ila kuna mtego hapa ambao unawapoteza wengi: lazima utoe balbu zote za taa ndogo kwanza. Balbu baridi ina ukinzani mdogo sana, hizo za nyuma na mbele zikiwa mahali pake zinaifanya balbu yako ya majaribio iwake karibu kabisa, utakaa siku nzima unatafuta shoti ambayo ni balbu nzima za watu. Nikatoa zote, taa za dashibodi zilikuwa zimeshakatwa na mwenzangu kwahiyo hizo hazikunisumbua. Sehemu iliyoungua chini ya kizingiti cha mlango wa dereva nikaivusha kwa waya wa muda.

Nikawasha taa ndogo. Balbu kimya. Nikatikisa nyaya za mbele, kimya. Za chini ya bodi, kimya. Gari ilikuwa imekaa juani, kavu. Nikachukua ndoo nikamwaga maji pale nyuma kama barafu inavyomwaga, nikamwambia kijana akae juu ya bampa arukeruke. Ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikalala chini na tochi.

Waya wa taa ya pleti namba unapita kwenye tundu la chuma kuingia kwenye bampa, mpira wa kulinda tundu hamna, ulishaanguka miaka gani sijui. Ukingo wa chuma umekata ganda la waya, sehemu ya kama punje ya mchele tu, shaba imegeuka kijani. Pikapu ikibeba mzigo bampa inashuka waya unagusa chuma, ikiwa tupu unaachia. Hapo ndo palipozaa yote yaliyofuata.

Pembeni yake soketi ya taa ya kushoto imejaa unga wa kijani, na ethi ya taa za nyuma inategemea bolti za bodi ambazo zimekaa juu ya mipira na kutu. Ndo maana ukikanyaga breki indiketa ilikuwa inawaka kwa mbali, umeme unatafuta pa kurudia.

Maamuzi, na kwanini

Mzee alitaka tununue seti nzima ya nyaya kutoka kwenye gari iliyokatwa. Nilimkatalia kwa heshima. Seti hiyo ina umri ule ule, imekatwa kwa panga huko ilikotoka, na ndani yake kuna maungio ya mafundi ambao hatutawajua. Afadhali ubovu ninaouona. Pia muda, giza likirudi gari inatakiwa mwaloni.

Kwahiyo nilifungua kizingiti cha mlango, nikakata kipande chote kilichoungua, kilikuwa kirefu zaidi ya nilivyokisia kwa nje, na waya wa jirani ulikuwa umeyeyukiana nao, ukawekwa mpya pia. Waya mpya unene ule ule. Maungio nilisolda nikavika mipira ya kusinyaa kwa moto, tepu peke yake chini ya gari haikai, gundi inalainika inafunguka. Sikuweka maungio mawili sehemu moja, nimeyapishanisha.

Nyuma: mpira mpya kwenye tundu, kipande cha waya wa pleti namba kipya, soketi ya kushoto mpya, na waya wa ethi wa peke yake kutoka taa za nyuma mpaka kwenye chesisi penye chuma kilichosafishwa. Huu haukuwepo kiwandani, nimeuongeza kwa sababu bodi ya gari ya samaki haiaminiki kuwa ethi.

Dashibodi nilirudisha waya wa kijani kwenye njia yake ya asili, nikatoa kaswichi, balbu ya alama ya betri ikarudi kwake. Dogo akaomba tuweke balbu za LED za bluu. Za kumulika geji hazina neno, ila alama ya betri nilimwambia abakize ya kawaida, kuna altaneta za zamani ambazo mkondo wa kuziamsha unapitia kwenye hiyo balbu, ukiweka LED unaweza kukuta haichaji mpaka ukanyage mafuta sana.

Fyuzi ni 15. Nimeandika kwa wino juu ya kifuniko na akiba niliyomwachia Dogo ni za bluu tu, ambazo ndo za 15, hakuna ya njano wala ya kijani.

Matokeo

Taa zote za fyuzi ile zinawaka pamoja na kuzima pamoja. Mshale wa joto hausogei taa zikiwashwa. Gari ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa nilipima umeme unaoibiwa, ukawa chini kabisa ya miliampea 50, ambao ndo mpaka wa kawaida. Giza lilipokuja gari ikaingia kazini, na mbalamwezi iliyofuata Mzee alinipigia kusema imelala na imeamka kwa ufunguo.

Nini kilisaidia, nini kiliharibu

Kilichosaidia zaidi ni swali la "nini kingine kimezima pamoja na hii". Dakika moja ya kuzunguka gari na taa zimewashwa ilionyesha kitu ambacho kufungua dashibodi hakukuonyesha. Na lile la "lini hasa inaanza". Mzee alisema usiku, Dogo akasema nikiwasha taa kubwa, hayo ni majibu mawili tofauti japo yanafanana, na la Dogo ndo lilikuwa na thamani. Dereva ndiye anayekaa na gari, muulize bosi akiwa hayupo.

Maji ya ndoo nayo. Shoti ya gari ya barafu huwezi kuitafuta ikiwa kavu.

Kilichoharibu ni shaba ya kusokota. Bila hiyo kazi hii ilikuwa mpira wa tundu na kipande kifupi cha waya. Ile fyuzi ilikuwa inakatika kwa haki, ikanyamazishwa, waya ukachukua nafasi yake, na waya unaungua palipo na zulia na mguu wa mtu. Fyuzi ya 30 ni kosa lile lile, tofauti yake ina rangi nzuri.

Fundi wa dashibodi sitaki kumrushia mawe sana. Aliambiwa taa za dashibodi zimekufa akaziwasha, na mteja alikuwa amesimama juu yake na saa mkononi. Ila kuunga kwenye umeme wa muda wote bila kumwambia mwenye gari hiyo swichi inakula betri, hapo hapana. Na kuchomoa balbu ya onyo ukaiweka kumulika spidi, hapo nashindwa kumtetea.

Mzee naye: themostati, kuosha rejeta, betri, vyote vilinunuliwa kabla mtu yeyote hajaweka mita. Betri ya kwanza huenda ilikuwa nzima, alishaiuza chakavu, hatuwezi tena kuipima.

Kwangu kilichochelewesha ni rangi za nyaya. Baadhi zilikuwa zimefifia chini ya gari mpaka kijani na kijani yenye mstari zinafanana, ikabidi nifuate mmoja mmoja kwa multimita.

Kilichobaki

Kitufe cha kupunguza mwanga wa dashibodi kimechakaa, ukikizungusha katikati taa zinapotea, nimekiacha kwenye mwanga wote na Dogo anajua asikiguse. Matundu ya bodi yanatakiwa yawekewe mpira wa kupeleka maji nyuma ya bampa yasidondokee nyaya, Mzee amesema tutafanya mbalamwezi ijayo, na hiyo soketi ya kulia ambayo bado ni ya zamani tutaifungua siku hiyo hiyo.